Nyasi za Nyumba Namba Tatu

Jumatatu, 1 Machi 1965

Nimeosha masikio mara mbili na bado unga wa mbolea unatoka. Gunia, mizani, daftari, gunia. Ndiyo siku yangu hapa kiwandani Tororo. Jioni ugali na maharage, wanaume wanne chumba kimoja, kila mmoja na mkoromo wake.

Siku nane bila Nafula. Tulifunga ndoa tarehe kumi na tatu mwezi uliopita. Tukapata wiki moja ya raha, kisha mimi nikarudi kazini na yeye akabaki Busia kwa mama yangu. Mke haruhusiwi katika nyumba za makapera. Mimi ni mume wa mtu na ninalala kama mwanafunzi wa bweni.

Ninampenda. Ninampenda, ninampenda. Naandika kwa sababu nikitamka humu chumbani watanicheka mpaka Pasaka.

Habari kubwa ya leo: nimepewa Nyumba Namba Tatu! Yaani, karibu nimepewa. Bwana Nyumba, yule Mzungu anayesimamia makazi ya wafanyakazi, alituita mimi na Etyang wa stoo. Nyumba mpya za wenye ndoa ziko tayari, ila mbele yake ni udongo mtupu, na mvua kubwa ikija itauzoa wote hadi barabarani. Kila mmoja wetu amepewa mfuko wa mbegu za nyasi kutoka Kitale. Jumanne baada ya Pasaka atakuja kukagua. Penye nyasi, ufunguo. Penye udongo, nyumba inakwenda kwa mwenye ndoa anayefuata kwenye orodha. Mbolea tujichagulie wenyewe. "Nyinyi ni watu wa mbolea," akasema. "Mnajua."

Mimi sijui chochote. Ninaipima tu.

Jumatano, 3 Machi

Nimekwenda kutazama nyumba. Vyumba viwili, jiko, dirisha linaloangalia Mwamba wa Tororo. Nimesimama pale ambapo Nafula atasimama. Nimeona haya mwenyewe.

Mbolea gani? Kuna tatu. Samadi ya ng'ombe, ambayo italeta magugu ya kila aina. Salfeti ya amonia, ile nyeupe kama sukari, iko dukani mjini. Na superfosfeti yetu wenyewe, ya kijivu, ambayo wafanyakazi huuziwa kwa bei ndogo gunia likichanika.

Etyang hana shaka.

"Nyeupe, Karani! Nyasi nakula hiyo, nashtuka, natoka mbio! Hii yenu ya majivu nafaa nini?"

"Ndiyo inayotulisha sisi wote hapa."

"Sisi nalisha. Nyasi hapana jua."

Amecheka peke yake hadi stoo. Nimemwandikia Nafula. Shuleni alikuwa kiranja wa bustani, kabichi zake zilikuwa kubwa kuliko vichwa vyetu. Barua nimempa Amoit, dada yake Etyang. Kila Alhamisi anakwenda Busia kuchukua mukene, wale dagaa wa kutoka Majanji, na kila Ijumaa anawauza hapa sokoni. Nyumba ya Mama iko njiani mwake.

Ijumaa, 5 Machi

Jibu! Amoit amelitoa chini ya samaki.

"Karani, barua nanuka mukene. Wewe nabusu tu?"

Nimeibusu mbele yake. Potelea mbali.

Nafula anasema hivi: mbegu haina majani, itafanya nini na chakula cha majani? Mche mchanga hutafuta mizizi kwanza. Kwa hiyo superfosfeti, na niichanganye na udongo kabla ya kupanda, nisiirushe tu juu. Ile nyeupe niiache kabisa mpaka nyasi zimekwisha kukatwa mara ya kwanza, maana ni kali, huunguza kilicho kichanga.

Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Hiyo unayopima kila siku ndiyo nyumba yetu inayoitaka. Mimi pia ninakutaka."

Nimesoma mstari huo mara ishirini. Miezi yote hii nimekuwa nikipima gunia baada ya gunia la kitu kitakacholeta mke wangu, wala sikujua. Leo kila gunia nimeligusa kwa heshima.

Jumapili, 7 Machi

Baada ya misa nimelima. Nimevunja mabonge, nimetoa mawe, nimesawazisha. Konzi moja ya superfosfeti kwa kila hatua ya mraba, kisha nimeichanganya na udongo kwa reki hadi kina cha kidole. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Nimezichanganya na mchanga mkavu ili zienee, nusu nikitembea kwenda, nusu nikikata njia kwa mapana. Nimeacha theluthi moja kwenye kopo, ya kuziba mapengo. Nimebingirisha gogo juu yake. Nimemwagilia kwa debe lililotobolewa.

Etyang, aliyepewa Namba Nne, amepanda bila mbolea. Nyeupe yake anaiweka hadi nyasi zitoke.

Mgongo umekufa. Nina furaha ya kipumbavu. Nimemwandikia: Nimepanda! Nimepanda nyumbani kwetu!

Jumatano, 10 Machi

Hakuna kitu. Nimepiga magoti, nimetazama. Udongo.

Jumatatu, 15 Machi

Zimetoka!! Kama nywele za mtoto mchanga, ukitazama kwa upande tu ndipo unaziona. Nimezimwagilia kwa pumzi iliyozuiliwa. Nafula, Nafula, njoo uone.

Ijumaa, 19 Machi

Barua ya Nafula leo ni fupi. Nimeisoma nimesimama, nimeketi, nimeisoma tena.

Mama hajui kusoma, kwa hiyo Nafula humsomea barua zangu, akiruka sehemu fulani. Alipofika pale niliposema nimepanda, Mama akamwambia arudie. Akarudia. Mama akaondoka kwenda kuangalia kuku. Hakula jioni.

Nilisahau. Hapana, sikusahau. Sikufikiri kwamba nyasi zinahesabiwa.

Kwetu mama mwenye boma ndiye anayefungua msimu. Hakuna mke wala mtoto anayetia mbegu ardhini, popote alipo, kabla mkono wa mama haujatangulia. Kumtangulia ni kama kumwambia kwamba kwetu ameshazikwa. Na Mama bado hajapanda. Busia haijanyesha.

Nafula anaandika: "Amesema siwezi kuvuka kizingiti cha nyumba ambayo mbegu yake imemruka. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali hasira."

Nilicheka kidogo. Kisha sikucheka.

Jumapili, 21 Machi

Basi la asubuhi kwenda Busia. Mama alikuwa akichambua wimbi kwenye ungo. Aliniwekea kigoda, uji, kila kitu. Macho hakuniwekea.

"Mama, ni nyasi. Hakuna anayezila."

"Ng'ombe hali?"

"Kule hatuna ng'ombe."

"Umezitoa mkononi, ukazitia ardhini, ukazifunika, ukazimwagilia maji. Shule yako inaitaje hiyo?"

Nikasema kupanda. Nikiwa na miaka ishirini na minne, na cheti cha Cambridge, nikasema kupanda.

"Baba yako alipokufa watu walisema huyu mjane ataachwa," akasema. "Nikawaambia mwanangu hatanipita. Umenipita, Wandera. Tena kwa nyasi."

Nilimwomba apande leo leo, hata mbegu kumi, tumalize.

"Kwenye vumbi? Nilishe mchwa kwa sababu wewe una haraka?"

Masharti yake ni mepesi kuyasema. Nizing'oe. Mvua ikinyesha, yeye atapanda. Kisha nami nipande. Kisha Nafula aje, na kuku wawili juu yake. Hajawahi kumkataza kuja, amesema, anataka mambo yafuatane tu.

Nafula alinisindikiza hadi barabarani. Kitenge cha kijani. Watu kila mahali, hata mkono sikuweza kumshika. Alisema haamini kwamba mtu atadhurika. "Lakini mimi ndiye ninayeona uso wake asubuhi," akasema. Basi likaja upesi kuliko mabasi yote niliyowahi kungoja.

Jumatatu, 22 Machi

Nina hasira. Na Mama, na mvua, na Kitale.

Nikizing'oa na Busia isinyeshe, siku ya ukaguzi itakuta udongo na nyumba itakwenda. Orodha ni ndefu. Aliye mbele yangu alingoja mwaka mzima. Mwaka mzima wa Nafula kwenye barua zinazonuka samaki!

Wazo limenijia nikipima: Mama hajawahi kufika Tororo. Nimwambie nimeng'oa. Nani ataona?

Niliandika barua hiyo. Barua nzuri, ya heshima. Nikaifunga. Kisha nikaona jinsi itakavyosomwa: Nafula ameketi, Mama ameketi, na uongo wangu unatoka kwenye mdomo wa Nafula, sauti yake ile, bila yeye kujua.

Nimeichana.

Jumatano, 24 Machi

Nimeng'oa.

Nilianzia dirishani. Zilikuwa zimefika urefu wa ukucha. Ukizichimbua zinatoka na mizizi mirefu kuliko zenyewe, myeupe, mizuri. Alivyosema kiranja wa bustani. Nililia kidogo, mvuke wa kiwanda ukanisaidia kusingizia.

Etyang alipiga kelele kutoka Namba Nne.

"Karani! Wewe nagonjwa? Nyasi nakosea wewe nini?"

Nikamweleza. Nilingoja anicheke. Akafuta panga lake kwenye suruali.

"Kwa sisi pia iko hivyo," akasema. "Mimi mama yangu nakufa zamani. Hakuna mtu nakataza mimi."

Akaenda akaleta jembe lake. Tulimaliza pamoja kabla ya king'ora cha zamu.

Ninajifariji kwa kemia: fosfeti haitembei udongoni. Niliyoitia bado iko pale pale, inangoja mbegu nyingine. Nimeacha udongo ulivyo, sijaongeza kitu.

Ijumaa, 26 Machi

Jua. Amoit anasema Busia pia ni jua. Hakuna barua. Niliomba kwamba asiniandikie kwa huzuni, sasa hajaniandikia na nina huzuni.

Jumapili, 28 Machi

Mvua! Tororo! Busia hata tone, anasema dereva wa basi. Mawingu yamejikusanya juu ya Mwamba kama yanalipwa kukaa huku.

Maji yameanza kuchora mifereji mbele ya Namba Tatu. Udongo wangu, fosfeti yangu, yote yanatafuta barabara. Nimetandaza magunia matupu na matawi, nimeyakandamiza kwa mawe. Nimelowa hadi moyoni. Mbele ya Namba Nne maji yanapita juu ya nyasi kistaarabu kabisa.

Mama anatazama mbingu ile ile. Najua anatazama. Hafurahii kunichelewesha, namjua.

Ijumaa, 2 Aprili

Amoit alianza kuniita akiwa mbali, kikapu kichwani.

"Karani! Mama yako nasema panda! Nasema mara mbili, mimi nasikia!"

Busia ilinyesha Jumanne usiku kucha. Jumatano alfajiri Mama alipanda wimbi, peke yake, na Nafula akafuata nyuma yake na mahindi. Nafula ameandika kwamba Mama alipomaliza alinyosha mgongo, akatazama upande wa Tororo, akasema, "Haya, huyo mwenye haraka naye."

Nimemkumbatia Amoit, mukene na wote.

Jumamosi, 3 Aprili

Nimepanda mara ya pili. Mbegu za kopo hazikutosha, nilijua hazitatosha. Etyang alikuja na masalio ya mfuko wake, akamimina kwenye mchanga wangu.

"Hii si zawadi. Mke yako naleta mimi chapati."

Reki, gogo, debe. Siku kumi na saba.

Jumatano, 7 Aprili

Udongo. Sili vizuri.

Jumamosi, 10 Aprili

Zimetoka, mapema kuliko zile za kwanza. Ni mvua, na ni kile kilichokuwa tayari kimelala chini. Lakini ni chache. Ukisimama wima unaona udongo zaidi. Nyasi za Etyang sasa unaweza kuzikata kwa panga. Ile nyeupe imezipa rangi ya kijani ya kutukana.

Siku kumi.

Jumanne, 13 Aprili

Nimefanya jambo ambalo sitamwandikia Nafula. Nimenunua nyeupe. Kidogo tu, kwenye karatasi. Nimeinyunyiza kwenye kona ya mtaro, eneo la mkeka mmoja. Ikifaa, kesho kutwa nitamaliza kote. Najua alivyosema. Lakini yeye yuko Busia, na Jumanne ijayo iko hapa.

Alhamisi, 15 Aprili

Kona imeungua. Njano, kisha kahawia, kama mtu aliyemwaga chai ya moto. Nilinyunyiza asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, punje zikagandia pale pale.

Etyang alishika kiuno.

"Wewe nanyunyiza kama chumvi kwa nyama! Mimi natia kijiko kwa debe ya maji, tena maji mengine juu. Shule nafundisha nyinyi nini?"

Ni mkeka mmoja tu. Ningeweza kuwa nimechoma nyumba nzima. Karatasi na kilichobaki nimempa yeye.

Jumapili, 18 Aprili. Pasaka

Kila mtu amekwenda kwao. Mimi nimebaki na debe. Kanisani walikuwa wameketi wawili wawili, wake na waume, na mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa na kitenge cha kijani. Nilitazama bega lake wakati wote wa mahubiri. Mungu anisamehe.

Leo hii Mama na Nafula wamechinja kuku. Wanacheka. Labda hawacheki, labda wamenyamaza kama mimi. Sijui lipi ningelipenda zaidi. Namtaka mke wangu. Simtaki kwa shairi, namtaka akae hapa, anikaripie kwa kuacha kijiko kwenye sukari.

Jumanne, 20 Aprili

Bwana Nyumba alikuja saa nne. Namba Nne alipita akitikisa kichwa kwa kuridhika, akampa Etyang ufunguo bila kusimama. Kwangu alisimama.

Alizunguka. Alitazama mapengo. Aliuliza juu ya kona ya mtaro, nikasema kweli: nilitia salfeti kwenye umande. Aliuliza kwa nini nyasi zangu ni changa kuliko za jirani, na mbegu zilitolewa siku moja. Hapo nilikuwa nimeandaa uongo wa ndege waliokula mbegu. Nikasema, niling'oa za kwanza kwa sababu mama yangu alikuwa hajapanda.

Sijui alielewa nini.

Akachuchumaa. Akashika kishungi kimoja kwa vidole viwili, akavuta. Akavuta tena kwa nguvu. Hakikutoka. Akajaribu mahali pengine, karibu na dirisha, na pale napo akabaki na majani mkononi, mizizi ardhini.

"Umetia nini chini?"

"Yetu, bwana. Superfosfeti. Kabla ya kupanda."

Aliandika kitu kwenye daftari lake. Akasema ni chache, na mapengo niyazibe, na zisikanyagwe mwezi mzima, na yeyote akizikanyaga, hata mimi, atanipokonya nyumba. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

Nilisema asante. Nilitaka kupiga kelele hadi Busia. Nilirudi kwenye mizani na nikapima gunia moja mara tatu.

Jumapili, 25 Aprili

Wamefika jana kwa basi, Nafula, sanduku moja, kuku wawili. Mama alikuja naye. Hakukubali kuingia ndani wala kulala, hilo ni jambo jingine, akasema, na lina utaratibu wake. Alisimama barabarani na mwavuli, akatazama nyasi kwa muda mrefu.

"Ndizo hizi?" akaniuliza.

Nikasema ndizo hizi.

"Chache," akasema. Kisha akapanda basi la kurudi.

Kwa kuwa mbele hapakanyagwi, nilimpitisha Nafula nyuma, kando ya ukuta, chini ya kamba ya nguo za Etyang, hadi mlango wa jikoni. Alivua viatu kabla sijamwambia. Bibi harusi kuingia kwa mlango wa jikoni! Alicheka hadi akaketi kwenye sanduku.

Hatuna kiti. Hatuna pazia. Tuna mkeka, sufuria, taa.

Sasa ni saa tisa mchana na mvua nyepesi inanyesha. Nafula amelala mkekani, mkono mmoja chini ya shavu. Nilidhani leo ningeandika kurasa kumi. Nimekaa na kalamu kwa muda, nikimsikiliza anavyopumua, na sioni cha kuongeza.